Miaka 19 ya kumsubiri mzee wa kofia

Haya niliyaongea jumamosi mchana hapa Iringa mjini, mbele ya vijana wanaojifunza kutengeneza filamu. Kuna waliochelewa wakaomba niyaweke kwa maandishi, basi nimeyaandika karibu vilevile yalivyotoka mdomoni.

Kamwene wanyalukolo! Kamwene tena, mana kule nyuma sijawasikia. Haya, hapo sawa. Wazee wangu mliokaa mbele shikamooni, na wenzetu mliotoka Mbeya na basi la alfajiri poleni na safari, ugonile, najua Mafinga mmepita na ubaridi wake.

Nimeombwa niongelee mwendelezo, yaani ile sehemu ya pili, ya tatu, ya nne, kwa sababu wengi wenu mmeshatoa filamu fupi na mtaani mnaulizwa "pati tuu lini". Mimi nimechagua mfano mmoja tu, Indiana Jones, yule profesa wa mambo ya kale mwenye kofia na mjeledi, kwanza kwa sababu ndo muvi niliyoisubiri kuliko zote maishani mwangu, pili kwa sababu sisi watu wa huku tuna jambo letu ndani ya zile filamu ambalo mtu wa Marekani hana. Hilo jambo nitalifikia, naomba mnivumilie kidogo.

Mwaka 1992 nilikua darasa la tatu, tunakaa Mlandege. Wakati huo Tanzania bara hatukua na kituo hata kimoja cha televisheni, Zanzibar walikua nayo tangu miaka ya 70 lakini kwetu vituo vya kwanza vilianza 1994, kwa hiyo ukitaka kuona picha inayotembea unaenda banda la video. La kwetu lilijengwa kwa mabanzi, mwanga unapenya kila mahali mpaka mwenyewe anaziba na magunia, viti ni mbao zimepigiliwa juu ya magogo, mbele kuna televisheni moja na deki ya VHS, jenereta linanguruma nyuma ya ukuta. Kiingilio shilingi 20. Kaka yangu ananizidi miaka sita, yeye ndo alikua ananilipia, alafu ananikalisha katikati ya miguu yake ili watu wasinikanyage.

Pembeni ya televisheni alikua anasimama mkaka mmoja anatafsiri laivu. Sijui kiingereza chake kilikua kiasi gani ila kila mtu kwenye ile filamu alimpa sauti yake, adui sauti yake, mwanamke sauti yake, mpaka nyoka aliwapa sauti, na steringi hakuwahi kumuita Indiana Jones hata siku moja, alimuita mzee wa kofia. Siku ile ilikua filamu ya kwanza kabisa, ya 1981, na mnajua inavyoanza, anachukua kile kisanamu cha dhahabu anaweka kifuko cha mchanga mahali pake, pango linaanza kubomoka, alafu lile jiwe la mviringo linashuka. Banda zima lilisimama. Leo najua lile jiwe lilitengenezwa kwa faibaglasi kwenye studio za Elstree kule Uingereza, na Harrison Ford, yule anayemcheza mzee wa kofia, alikimbia mbele yake mwenyewe tena zaidi ya mara moja, lakini kulijua hilo hakujapunguza kitu, nikiliona mpaka leo nakunja miguu kama nilivyoikunja siku ile.

Baadae tukaona ya pili, ya 1984, ile ya hekaluni India ambayo kumbe picha zake nyingi za nje walizipigia Sri Lanka kwa sababu serikali ya India hawakuelewana nayo. Alafu ya tatu, ya 1989, yupo na baba yake, na baba ni Sean Connery, mtu aliyemzidi Ford miaka 12 tu kwenye maisha ya kawaida ila ukiwaangalia unaona kabisa baba na mwana. Ile ya tatu inaisha wanne wako juu ya farasi wanaondoka kuelekea jua linakozama. Muziki unapanda, maandishi yanashuka. Na mkaka wetu mtafsiri akasema kwa sauti yake nzito, "itaendelea."

Jamani, kwenye kaseti hapakua na hilo neno, alilisema yeye. Mimi nikaamini. Nikawa kila jumamosi namuuliza mwenye banda kama imefika, ananiambia bado iko njiani, iko Dar, iko kwenye meli. Nilikua na miaka tisa.

Sasa ngoja niwaambie hizi filamu zilitokea wapi, mana inahusiana na kusubiri. George Lucas, aliyezitunga pamoja na Star Wars, alipokua mtoto alipenda zile sinema fupifupi za zamani, za miaka ya 30 na 40, zilizokua zinaonyeshwa kipande kimoja kila wiki, na kila kipande kinaisha steringi yuko pabaya, gari linatumbukia korongoni, kamba inakatika, alafu unaambiwa rudi wiki ijayo. Mwaka 1977, Star Wars inatoka, Lucas alikimbilia Hawaii kupumzika, akawa ufukweni na Steven Spielberg, aliyekuja kua dairekta wake, ndo akamsimulia wazo la mtafuta mambo ya kale. Jina la Indiana lilikua la mbwa wake. Kwa hiyo hii filamu toka mimba yake ni kitu cha kusubiriwa, imezaliwa kwenye ile tabia ya kukukatia utamu ukiwa ndo umekaa vizuri, kama bibi akisimulia sungura yuko mdomoni mwa fisi alafu anasema usiku umeenda, kalaleni.

Ila kusubiri wiki moja sio kusubiri miaka 19.

Kilichowachelewesha ni hadithi. Lucas alitaka mafuvu ya kioo na viumbe wa kutoka nje ya dunia, Ford na Spielberg hawakutaka, wakaandikiwa maandiko na kuyatupa, mmoja analipenda mwingine analikataa, mpaka David Koepp akaandika lile lililokubalika. Filamu ya nne ikatoka mwezi wa tano 2008. Na hapa ndo naomba mniangalie usoni wadogo zangu, mana hiki ndo nilichokuja kusema. Filamu ya tatu hadithi yake iko mwaka 1938. Ya nne iko 1957. Toeni. Ni 19. Na kutoka 1989 mpaka 2008 ni 19. Hawakujifanya muda haujapita! Mvi za Ford waliziacha, maadui wa Kijerumani wakaondoka wakaja Warusi kwa sababu 1957 ndo ilikua hofu ya Wamarekani, baba yake amefariki ipo picha tu mezani, rafiki yake Marcus Brody naye amefariki kwa sababu Denholm Elliott aliyemcheza alifariki kweli 1992. Marion, mpenzi wake wa filamu ya kwanza, karudi, na kijana waliyezaa pamoja. Miaka ile tuliyosubiri sisi kwenye mabanda, na yeye ameiishi.

Mwendelezo unaolipa ni ule unaohesabu miaka. Nimeona kazi nyingi, za nje na za kwetu, mtu anaachia sehemu ya pili baada ya miaka saba, mtoto aliyekua anabebwa mgongoni bado anabebwa mgongoni, na mtazamaji anasikia amedharauliwa hata kama hawezi kusema kwa nini. Mtazamaji amezeeka, amezika wazazi, amehama nyumba. Ukimrudishia mtu wake hajabadilika hata unywele unakua umemwambia hayo yote hayakutokea.

Najua filamu ya nne ilitukanwa. Ile ya kujificha ndani ya friji bomu la nyuklia likalipuka na friji ikaruka angani, wengi hawajaisamehe, hata mimi pale nilinyamaza. Na wale nyani kwenye miti. Sawa. Lakini mimi niliiona 2008 Mbeya, nilikua nafanya kazi Kabwe, tukajazana watu nane chumba kimoja mtaa wa Soweto hukohuko mbele ya kompyuta, wenzangu wanacheka na kupiga kelele, mimi kuanzia katikati nikawa kimya kabisa kwa kitu ambacho mwanzoni sikukielewa. Ile hadithi inahusu fuvu. Fuvu limetolewa kwenye mahali pake na watu, na kazi yote ya steringi safari hii sio kulipeleka makumbusho kama alivyozoea, kazi ni kulirudisha. Alirudishe kule lilikotoka, hilo tu.

Mimi ni mtoto wa Iringa. Utaniambiaje hadithi ya fuvu linalorudishwa nibaki nimekaa tu?

Mnayajua haya lakini nayasema kwa ajili ya wageni wetu wa Mbeya. Chifu Mkwawa wa Wahehe aliwapiga Wajerumani Lugalo, tarehe 17 mwezi wa nane 1891, kamanda wao Zelewski akafia pale. Wakarudi 1894 na mizinga wakaibomoa ngome ya Kalenga, yeye akaingia porini akapigana miaka minne zaidi, na tarehe 19 mwezi wa saba 1898 alipozingirwa akajipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa kikakatwa. Fuvu likapelekwa Ujerumani. Ikaja vita kuu, Mjerumani akashindwa, na kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, ule mkataba mkubwa uliopanga mipaka ya nchi, madeni, meli, majeshi, ndani yake kuna kifungu cha 246 kinachosema Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita! Walingoja miaka 35. Gavana Twining, Mwingereza aliyekua anatawala Tanganyika, ndo alikuja kulifuatilia mpaka jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu kama 2,000, na 84 kati ya hayo yalitoka huku kwetu Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yakapimwa, yakalinganishwa na vipimo vya vichwa vya ndugu zake walio hai, na lile lenye tundu la risasi ndo likachaguliwa. Likarudi Kalenga tarehe 19 mwezi wa sita 1954, likapokelewa na mjukuu wake Chifu Adam Sapi Mkwawa, yule aliyekuja kua Spika wa Bunge.

Kutoka 1898 mpaka 1954 ni miaka 56.

Ile namba 84 huwa inanirudia sana. Lilirudi moja. Waliobaki 83 kila mmoja alikua na mama yake.

Bibi yetu mzaa baba alikua binti mwaka 1954, akatembea na wenzake kutoka kijijini kwenda kuangalia. Tukimuuliza bibi uliona nini, anasema niliona migongo ya watu. Watu walikua wengi, yeye mfupi, hakuona fuvu wala gavana, aliona migongo na alisikia baridi, mana mwezi wa sita huku mnaujua. Na anasema kitu kimoja ambacho nikiwa mdogo sikukitilia maanani, kwamba baba yake alikua anaizungumzia siku hiyo kila mara, anasema kichwa cha mkubwa kitarudi, na alifariki miaka miwili kabla. Kwa hiyo yeye alienda kuangalia kwa niaba ya baba yake. Alienda kuona mwendelezo ambao baba yake aliusubiri akaukosa.

Nilikumbuka hilo pale Soweto Mbeya kwenye chumba cha watu nane, nikatoka nje nikasimama barabarani, na mlima Loleza uko pale juu una ukungu. Nikampigia kaka Dar. Nikamwambia kaka, mzee wa kofia amerudi, na amerudisha fuvu. Akacheka, akanyamaza, akasema, bibi angeipenda hiyo.

Kuna kingine nimekigundua juzijuzi tu wakati najiandaa kuja hapa na lazima niwape. Filamu ya nne iko 1957, na steringi wetu kwenye filamu ya kwanza tunaambiwa alisoma Chuo Kikuu cha Chicago. Sasa mwaka huohuo 1957, kwa ukweli kabisa, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago anaitwa Clark Howell alikuja akapiga kambi Isimila, hapa, kama kilomita 20 kutoka mjini, akachimba mpaka 1958 akitoa yale mashoka ya mawe ya watu wa kale. Wote mmepelekwa Isimila na shule, mmepiga picha kwenye zile nguzo za udongo, mkala maandazi mkarudi. Kule korongoni kulikua na profesa wa kweli, wa chuo kilekile, mwaka uleule. Na pembeni yake walikuwepo watu wa hapa waliobeba udongo na kuchekecha na kupika ugali wa kambi. Hao ndo ningependa mtu mmoja wenu aandike filamu yao. Mkaka wa kihehe wa miaka 20 anaokota jiwe, profesa anamwambia hili lilichongwa na mkono wa mtu kabla ya kila babu unayemjua. Uso wake ulikuaje dakika ile? Mimi ningelipa kiingilio kuuona.

Haya, turudi. Baada ya 2008 tukasubiri tena, miaka 15. Disney wakainunua kampuni ya Lucas mwaka 2012 kwa dola kama bilioni 4, Connery akafariki 2020, Spielberg akaacha kiti cha udairekta akakaa James Mangold, na wakati wa kupiga picha 2021 Ford akaumia bega kazi ikasimama. Filamu ya tano ikatoka mwezi wa sita 2023, Ford ana miaka 80. Mimi sikutaka kuiona kwenye simu. Nilipanda basi Ipogolo nikaenda Dar nikaingia ukumbini na kaka yangu, safari hii nikamlipia mimi.

Nyie wengi mmeiona kwa hiyo sitasimulia yote. Mwanzo iko 1944, wamemrudisha Ford ujanani kwa kompyuta, ni kazi kubwa na ukumbi ulifurahi, lakini mimi bado nasema pale moyo haukushikika, uso ni wa kijana sauti ni ya mzee, unaona kitu kimepinda. Alafu ghafla ni 1969. Mzee kavua shati kakaa kwenye kiti, amelala, majirani wanapiga muziki kwa sababu watu wamerudi kutoka mwezini, na yeye anagonga mlango wao na rungu mkononi. Mwili wa mzee kabisa, ngozi imelegea, hawajaficha kitu. Kijana wake amefia vita ya Vietnam. Mke, ndo huyohuyo Marion, ameleta karatasi za talaka. Siku hiyohiyo anastaafu kazi anapewa saa, anatoka nje anampa mtu wa kwanza anayekutana nae. Kaka alinishika mkono pale. Kaka alikua ana miezi minne tu tangu aondoke kazini kwake alikokaa miaka 22, na walimpa cheti na keki.

Ile filamu pesa yake haikuleta faida waliyoitaka, iligharimu karibu dola milioni 300 na mauzo dunia nzima yakaishia milioni 380 na kitu, na ukitoa fungu la kumbi na matangazo hapo hakuna kitu. Wakasema watu hawataki steringi mzee. Mimi nakataa kabisa. Kuna sehemu anapanda ukuta wa mwamba, katikati anasimama anaanza kutaja maumivu, bega, miguu, uti wa mgongo, risasi alizopigwa, vitu vyote tulivyovishangilia tukiwa watoto bandani ndo anavilipia sasa. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba lile jiwe la mviringo lina gharama. Ilibidi miaka 42 ipite ndo tuambiwe.

Na mwisho wake. Kwenye filamu ya kwanza, ndani ya meli, amepigwa kila mahali, Marion anataka kumhudumia na kila akigusa anaumia, anamuuliza basi ni wapi hapaumi, na yeye anaonyesha kiwiko, paji la uso, jicho, anabusiwa hapo. Mwaka 1981. Mwaka 2023 wamesimama jikoni wote wawili wazee, Karen Allen yuleyule, Ford yuleyule, na yeye Marion safari hii ndo anasema kila mahali panauma, na mzee wa kofia anamuuliza, wapi hapaumi. Hapakua na kompyuta pale, wala mlipuko. Wazee wawili jikoni na sentensi moja iliyongojewa miaka 42. Ukumbini kulikua na watu kama 30 na nilisikia watu wanavuta kamasi.

Kwa hiyo wadogo zangu, mkienda kuandika sehemu ya pili ya zile kazi zenu, na najua wapo hapa wanaoandika usiku baada ya kushinda shambani au saluni, kabla ya kutafuta adui mpya kaeni chini muulize yule mtu wenu amefanya nini miaka yote ambayo kamera haikuwepo. Nani amekufa. Nani ameolewa. Goti lipi linamuuma. Na dada pale mbele uliyeniuliza wakati wa chai kama sio kuchelewa sana kuendeleza filamu uliyoitoa 2016, mdogo wangu, hiyo miaka unayo, imejaa vitu, usiifute, anzia hapo. Mpigie yule mama aliyecheza mama mzazi, umpige picha alivyo leo.

Sasa matangazo. Kesho asubuhi saa mbili tunaenda Kalenga wote, ni kama kilomita 15, magari mawili yameshapatikana na wa Mbeya mtarudishwa stendi kabla ya saa nane. Njooni na sweta. Tutaingia kwenye lile jumba dogo, tutaliona fuvu kwenye kioo chake, na naomba dakika tano za mwanzo simu zikae mifukoni, baada ya hapo ulizeni muongozaji chochote mnachotaka. Ambaye bibi au babu yake aliwahi kumsimulia siku ya 1954 aje na hiyo habari hata kama ni ya migongo ya watu, tutaziandika zote kwenye daftari moja.

Kaka yangu nae anakuja. Hajawahi kufika Kalenga tangu tulipopelekwa na bibi tukiwa wadogo. Amepanda basi Dar alfajiri, amenitumia meseji sasa hivi kwamba wameanza kupanda mlima Kitonga, kwa hiyo mtanisamehe, maswali mawili tu alafu naenda Ipogolo kumpokea.